Winga Aliyefukuzwa na Mfumo, Kisha Akawa Mfumo

Kila Jumatatu huku mtandaoni ni vita. Mmoja anasema winga wa timu yake ananyimwa uhuru, kocha amemgeuza roboti, kila saa anarudi kukaba kama beki. Mwingine anasema winga asiyekaba ni mzigo, akae benchi ajifunze. Mnatukanana mpaka usiku wa manane, Jumanne mnaanza tena.

Sasa leo nimewaletea mtu ambaye alisimama pande zote mbili za huo ubishi, na alifanya hivyo kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Anaitwa Valeriy Lobanovskyi, kijana wa Kyiv, Ukraine. Alianza kama winga mwenye madoido, mfumo wa kocha ukamtupa nje. Halafu yeye mwenyewe akawa kocha na akajenga mfumo mkali kuliko ule uliomtupa. Alishinda karibu kila kitu. Na swali langu ni moja tu: Lobanovskyi kocha angemchezesha Lobanovskyi mchezaji?

Mimi jibu ninalo tayari, lakini twendeni polepole.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1939. Ukraine wakati huo ilikuwa jamhuri ndani ya Muungano wa Kisovieti, na hapa kwetu tuna tabia ya kuita kila kitu cha Kisovieti "Urusi". Naomba tuiache hiyo tabia leo. Timu kali za taifa za Wasovieti za miaka ya 1970 na 1980 zilijaa wachezaji wa Dynamo Kyiv, na Kyiv ni mji mkuu wa Ukraine. Sifa za watu wa Kyiv tuwape watu wa Kyiv.

Kama mchezaji, jamaa alikuwa mrefu, nywele nyekundu, anacheza winga ya kushoto Dynamo Kyiv. Silaha yake ilikuwa kona. Mpira unaondoka kwenye kibendera unaonekana kabisa unaenda nje, kisha unakata kona hewani na kushuka ghafla golini. Waliuita "jani kavu", kwa sababu unaanguka vile jani kavu linaanguka kutoka mtini, huwezi kujua litatua wapi. Mwaka 1961 Dynamo walichukua ubingwa wa ligi ya Kisovieti. Tangu ligi hiyo ianze 1936, ubingwa ulikuwa haujawahi kutoka mjini Moscow hata mara moja, kwa hivyo mnaweza kufikiria Kyiv kulikuwaje siku hiyo.

Lakini kuna kisa ambacho mwandishi Jonathan Wilson amekisimulia, nakipenda sana. Baada ya ubingwa huo, wachezaji kadhaa walialikwa kwenye taasisi moja ya utafiti wa ujenzi kusherehekea na wanasayansi. Kila mtu anapongezana, ndoto imetimia. Lobanovskyi akawaambia hajaridhika, kwa sababu timu haikucheza vizuri, imepata tu pointi nyingi kuliko wenzake. Kijana wa miaka 22, bingwa wa nchi, na anaharibu sherehe ya watu namna hiyo! Ukitaka kumjua huyu mtu, anzia hapo.

Kitu kingine, alikuwa anasoma. Si kusoma kwa kuonekana, alisoma uhandisi wa mifumo ya kupasha majengo joto, akaanzia Politekniki ya Kyiv na kumalizia ile ya Odesa, huku akicheza ligi kuu. Mimi nilitoka chuo na wala sikuwa nacheza hata ligi ya mtaa, kwa hivyo hapo sina la kusema, heshima yake.

1964 akaja kocha anayeitwa Viktor Maslov, mzee wa Moscow ambaye wachezaji walimwita "Babu". Maslov alikuwa ameona kitu ambacho dunia ilikuja kukiona baadaye sana. Aliona kwamba mpira unashindiwa katikati, kwamba ukipoteza mpira hukimbii kurudi nyuma, unamvamia aliye nao mkiwa wawili watatu mpaka akose pa kupumua. Kwa hesabu hiyo, winga anayesimama kwenye mstari akisubiri aletewe mpira ni anasa. Maslov alitaka viungo wanne wanaofanya kazi. Mawinga wa jadi hawakuwa na nafasi, na Lobanovskyi, kipenzi cha mashabiki, alikuwa winga wa jadi. Wakagombana. Mwisho wa msimu akaondoka. Maslov akachukua ubingwa 1966, 1967 na 1968 bila yeye.

Hebu jiweke hapo. Umefukuzwa, na aliyekufukuza anashinda mara tatu mfululizo.

Lobanovskyi alicheza Chornomorets ya Odesa, akaenda Shakhtar ya Donetsk, na akiwa na miaka 29 akaacha. Mechi 253 za ligi, mabao 71. Timu ya taifa ya wakubwa alichezea mara mbili tu. Kwa mtu mwenye mguu kama ule, enyewe hiyo ni kazi iliyokatwa katikati.

Mtu mwingine angebaki na kinyongo, afungue akademia ya kufundisha chenga na kona, awaonyeshe Maslov na wenzake kwamba walikosea. Yeye alifanya kinyume. Alikubali kwamba Babu alikuwa sahihi. Kisha akasema Babu hakwenda mbali vya kutosha.

Alipewa timu ya Dnipro, iliyokuwa daraja la pili. Akaipandisha ligi kuu mwaka 1971, na msimu wake wa kwanza huko juu ikamaliza ya sita. Lakini matokeo makubwa ya Dnipro yalikuwa mtu mmoja aliyekutana naye pale, Anatoliy Zelentsov, mwanasayansi wa chuo cha elimu ya michezo aliyekuwa anapima jinsi mwili unavyotumia nguvu. Mhandisi akakutana na mwanasayansi, na mpira haukubaki vile ulikuwa.

Wazo lao ni hili, nalisema kwa Kiswahili cha mtaani. Mechi ni mitambo miwili ya watu 11 inayogongana kwenye kiwanja kimoja kwa sheria moja. Ukubwa wa mtambo si jumla ya ubora wa vipuri vyake. Unaweza kuwa na vipuri ghali na mtambo usiwake. Chukua pistoni ya lori uiweke kwenye injini ya matatu uone kama utafika Thika. Kwa hivyo kocha hanunui vipuri, anatengeneza muungano wa vipuri: nani anasogea nani akisogea, nani anafunga njia ipi, kiwanja kinapanuliwa saa ngapi mkiwa na mpira na kinabanwa saa ngapi mkiupoteza. Zelentsov hata aliweka namba: timu ambayo makosa yake hayazidi asilimia 15 mpaka 18 ya vitendo vyote vya mechi, hiyo haifungiki.

Mwishoni mwa 1973 Lobanovskyi akarudi Dynamo Kyiv, safari hii kama kocha, pamoja na Oleh Bazylevych waliyecheza naye zamani. Wakagawana kazi kama ofisi. Lobanovskyi anachora mifumo ya mechi. Bazylevych anasimamia mazoezi. Zelentsov anamwandaa kila mchezaji kimwili, mmoja mmoja. Na kulikuwa na mtu wa takwimu, Mykhaylo Oshemkov. Asubuhi baada ya mechi, karatasi ya takwimu za kila mchezaji inabandikwa ubaoni kwenye uwanja wa mazoezi, kila mtu aone. Amefanya vitendo vingapi, amekosea vingapi.

Hii ni miaka ya 1970, wasee. Huwa nacheka nikisikia mtu akisema takwimu ziliingia mpirani juzi na hizi fulana za kupima mbio. Na mimi kama mtu wa kontenti ile picha ya karatasi ubaoni inanigusa kabisa, kwa sababu kila asubuhi mimi pia naamka na namba zangu, nani ametazama sekunde ngapi akahama. Najua vile namba inaweza kukufanya bora na pia kukufanya usahau kwa nini ulianza.

Matokeo yalikuja haraka. 1974 wakachukua ligi na kombe. 1975 wakachukua ligi tena, na tarehe 14 Mei mjini Basel wakawafunga Ferencváros ya Hungaria 3-0 kwenye fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya. Ilikuwa mara ya kwanza timu yoyote ya Kisovieti kushinda kombe la Ulaya. Halafu wakakutana na mabingwa wa Ulaya, Bayern Munich ya kina Beckenbauer, kwenye Super Cup. Dynamo walishinda 1-0 kule Munich na 2-0 Kyiv. Mabao yote matatu yalifungwa na mtu mmoja, Oleh Blokhin, ambaye mwaka huo alipewa Ballon d'Or.

Na hapa ndipo stori inaanza kunisumbua kwa njia nzuri. Tafuta hilo bao la Munich ulitazame. Blokhin anapokea mpira kwenye shambulizi la kushtukiza, mabeki wa Bayern wanarudi kumzunguka, wenzake wako mbali. Mtu wa mfumo angetulia, angesubiri msaada. Blokhin anapunguza mwendo, anasimama karibu kabisa, anawaacha wajikusanye mbele yake, halafu anapita katikati yao na kufunga. Timu inayohubiri kwamba mtu mmoja si kitu inamshinda bingwa wa Ulaya kwa kazi ya mtu mmoja.

Watetezi wa Lobanovskyi watakuambia kwamba mfumo ndio uliomfikisha pale akiwa na nafasi na pumzi. Sawa. Lakini mbele ya wale mabeki hakukuwa na mchoro wowote ubaoni. Kulikuwa na Blokhin.

1976 ndio mwaka ambao bili ililetwa. Wakubwa wa Moscow waliamua, kwa kuwa Dynamo ni bora, basi iwe ndiyo timu ya taifa. Kikosi kilekile kikabeba ligi, Ulaya na taifa, huku mazoezi ya Zelentsov hayapungui. Machi wakatolewa kwenye Kombe la Ulaya na Saint-Étienne: walishinda 2-0 nyumbani, wakapigwa 3-0 Ufaransa baada ya muda wa ziada, miguu imekwisha. Kwenye Euro wakatolewa na Chekoslovakia. Kwenye Olimpiki ya Montreal wakaenda kutafuta dhahabu, wakarudi na shaba. Walipofika nyumbani, wachezaji waligoma. Ndani ya nchi ya Kisovieti, wachezaji wa klabu ya wizara ya mambo ya ndani walikataa makocha wao! Bazylevych aliondoka. Lobanovskyi alibaki.

Naomba tusiipite hapo haraka, kwa sababu mashabiki wa "mpira wa kisayansi" huipita mbio. Wale jamaa hawakuwa wavivu, walikuwa mabingwa. Walikuwa wanasema kitu rahisi: kwenye hesabu zenu kuna kipimo cha kasi, kuna kipimo cha makosa, lakini mmesahau kwamba kipuri kinachoka, kina mke, kina magoti. Na hawakuwa na pa kwenda. Leo mchezaji akichoka na kocha anamtuma ajenti wake Saudi Arabia. Mchezaji wa Kisovieti hakuweza kuhama nchi kirahisi, na mkuu wa chama cha Kikomunisti Ukraine, Volodymyr Shcherbytskyi, alikuwa shabiki wa Dynamo. Mfumo wa Lobanovskyi ulikuwa na akili nyingi, ndiyo, lakini pia uliota kwenye udongo ambako mtu hawezi kusema "hapana, naondoka". Udongo huo ni sehemu ya stori.

Ligi aliendelea kuzichukua: 1977, 1980, 1981. Alipewa timu ya taifa akashindwa kuipeleka Euro 1984, baada ya kufungwa 1-0 Lisbon na Ureno kwa penalti ya faulo iliyotendeka nje ya boksi. Akarudi Dynamo, timu ikamaliza ya kumi mwaka 1984, na kwingine kokote angefukuzwa. Hakubadilisha kitu. Mwaka uliofuata, ligi na kombe.

Sasa 1986. Tarehe 26 Aprili, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, kama kilomita 100 kaskazini mwa Kyiv. Tarehe 2 Mei, siku sita baadaye, Dynamo Kyiv walikuwa Lyon, Ufaransa, wakicheza fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Atlético Madrid. Familia zao zilikuwa nyumbani. Mtu anawezaje kucheza mpira hali ikiwa hiyo? Sijui, lakini walicheza mechi ambayo hadi leo makocha huitazama. Zavarov alifunga dakika ya tano. Dakika ya 85 likaja bao ambalo ndilo picha kamili ya kile Lobanovskyi alikuwa akikitafuta tangu sherehe ile ya 1961. Rats anakata kutoka kushoto, anampa Belanov, Belanov anampa Yevtushenko, na Yevtushenko anaupeleka kulia bila hata kugeuza kichwa, kwa sababu anajua kuna mtu. Mtu huyo ni Blokhin, sasa ana miaka 33, anamwinulia kipa mpira juu. Watu wanne kwenye mstari mmoja na mpira unapita kama nyavu ya uvuvi inavyokunjuliwa. Yevtushenko akaongeza la tatu. 3-0.

Ukinionyesha bao la Munich 1975 na hili la Lyon 1986 na kuniambia nichague, nitakuwa na shida. La Munich linanifanya niruke kutoka kwa kiti. La Lyon linanifanya nikae chini nifikirie.

Wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Mexico mwaka huohuo, Wasovieti walimfukuza kocha wao na kumpa Lobanovskyi timu. Akaijaza vijana wake wa Kyiv. Mechi ya kwanza, 6-0 dhidi ya Hungaria. Dunia ikashtuka. Halafu raundi ya pili wakakutana na Ubelgiji, Belanov akafunga mabao matatu, na bado wakapoteza 4-3 kwenye muda wa ziada, huku bao moja la Wabelgiji likinuka kuotea. Belanov alipata Ballon d'Or mwaka huo, wa pili kutoka mikononi mwa Lobanovskyi.

Euro 1988 ndiyo iliyomfikisha karibu kabisa. Aliwafunga Waholanzi 1-0 kwenye makundi, Uingereza 3-1, na kwenye nusu fainali Stuttgart akaibana Italia mpaka haikuweza kutoka kwake, 2-0. Lakini beki wake Oleh Kuznetsov alipata kadi ya njano kwenye mechi hiyo na akakosa fainali. Fainali walikutana tena na Waholanzi. Gullit kwa kichwa. Van Basten kwa lile bao mnalolijua wote, lile la pembeni kabisa ambalo hakuna mfumo wowote duniani unaoweza kulizuia. Belanov akapiga penalti, kipa Van Breukelen akaizuia. 2-0. Mtambo uliotengenezwa miaka 15 ulitolewa kipuri kimoja, kisha ukauawa na kipaji cha mtu mmoja. Kama ningekuwa natunga hadithi mngesema nimezidisha.

Baada ya hapo milango ya nchi ilifunguka na vipuri vikaanza kuuzwa. Zavarov Juventus, Belanov Ujerumani Magharibi, Mykhaylychenko Sampdoria. Kwenye Kombe la Dunia la Italia 1990 timu ilikuwa na majina lakini haikuwa mtambo tena. Wakapigwa 2-0 na Romania, 2-0 na Argentina, ambako Maradona aliuzuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli na refa hakuona. Mechi ya mwisho ilikuwa Bari dhidi ya Kameruni.

Sisi Waafrika Italia 1990 tunaikumbuka kwa Roger Milla na kibendera cha kona, na ni haki yetu. Ile ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Lakini mechi moja huwa tunairuka: Kameruni walipigwa 4-0 na vijana wa Lobanovskyi. Kameruni walikuwa wameshafuzu, na kocha wao, Valery Nepomnyashchy, alikuwa Msovieti pia, kwa hivyo maneno ya chini kwa chini hayakukosekana. Haikuwasaidia Wasovieti lolote. Romania na Argentina walitoka sare kule Naples, na Lobanovskyi akaenda nyumbani akiwa wa mwisho kwenye kundi.

Akahamia Ghuba, Falme za Kiarabu kwanza, halafu Kuwait. Falme walimaliza wa nne Kombe la Asia 1992, Kuwait wakapata shaba michezo ya Asia 1994. Wengi waliona ameenda kula pensheni. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umekufa, mpira wake ungebaki kwa nini?

Akarudi Kyiv mwanzoni mwa 1997, mzito, uso mwekundu, anakaa benchi akiyumba mbele na nyuma kama mtu kwenye kiti cha kubembea. Klabu ilikuwa imechafuka, mwaka 1995 UEFA iliitoa Ligi ya Mabingwa kwa tuhuma za kujaribu kumhonga refa. Pale alikuta kijana anaitwa Andriy Shevchenko na mwenzake Serhiy Rebrov.

Miezi michache baadaye Dynamo wakaifunga Barcelona ya Louis van Gaal 3-0 Kyiv. Watu wakasema ni bahati. Tarehe 5 Novemba 1997 wakaenda Camp Nou wakaifunga 4-0. Shevchenko, miaka 21, alimaliza hat-triki yake kabla ya mapumziko. 1999 wakaitoa Real Madrid, Shevchenko akifunga mabao yote matatu ya mechi mbili. Nusu fainali dhidi ya Bayern walikuwa mbele 3-1 Kyiv, wakarudishwa 3-3, wakafungwa 1-0 Munich. Dakika chache tu ziliwatenga na fainali. Shevchenko akauzwa Milan, na 2004 akachukua Ballon d'Or. Watatu sasa: Blokhin, Belanov, Shevchenko. Kocha aliyesema mchezaji ni kipuri ndiye aliyelea washindi watatu wa tuzo ya mtu binafsi kubwa kuliko zote. Elezeni hiyo.

Mimi naieleza hivi. Tazameni hao watatu ni watu wa aina gani. Blokhin, mama yake alikuwa mwanariadha wa mbio fupi na yeye alikimbia hivyohivyo. Belanov, mbio. Shevchenko, mbio na mapafu ya farasi. Wote ni wachezaji ambao mwili wao ungeweza kulipa kodi ya mfumo na bado ukabaki na chenji ya kufanya maajabu. Aliyeweza kulipa alipewa uhuru wote. Ambaye hangeweza, hata awe na mguu wa dhahabu, hakupita getini.

Na winga mrefu mwenye nywele nyekundu, anayesimama kwenye mstari akisubiri kona? Hapana. Hangepita. Kocha angetazama karatasi ya Oshemkov ubaoni, angeona kukaba ni kidogo, makosa ni mengi, angemwita ofisini na kumwambia maneno yaleyale aliyoambiwa na Babu mwaka 1964. Na mji wa Kyiv usingeona tena jani kavu. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nikiulizwa ningelipa tiketi kuona nini, ningelipa kuona zile kona.

Najua mtakachosema. Mtasema alishinda ligi nane za Kisovieti, tano za Ukraine na makombe mawili ya Ulaya, mimi nalia na kona. Mtasema pia bila yeye huu mpira mnaoupenda leo usingekuwepo, na hapo mko na pointi. Miaka ya 1980 kijana mmoja Mjerumani, mchezaji kocha wa timu ndogo ya Backnang, alicheza kirafiki na Dynamo Kyiv waliokuwa kambini Ujerumani. Mpira ulipotoka nje akaanza kuwahesabu wapinzani, kwa sababu alihisi wako zaidi ya 11. Jina lake Ralf Rangnick, na sehemu kubwa ya kukaba juu kunakofundishwa Ujerumani leo ilipitia kwake. Kwa hivyo yule winga wenu anayelazimishwa kurudi kukaba kila Jumapili, mnaweza kufuata hiyo njia kurudi nyuma mpaka Kyiv, mpaka kwa winga mwingine aliyekataa kurudi.

Tarehe 7 Mei 2002 Dynamo walikuwa wanacheza Zaporizhzhia. Lobanovskyi alipatwa na kiharusi akiwa benchi, mechi ikiendelea. Alifariki tarehe 13, miaka 63. Uwanja wa Dynamo sasa una jina lake, na nje kuna sanamu yake ya shaba. Hawakumchonga akipiga kona. Wamemchonga amekaa benchi, anatazama wengine wakicheza.